Chupa ya Uji na Kijiko

Asubuhi ya Jumapili moja ya masika, mwaka 2023, niliingia wodi ya watoto njiti mjini Tanga na chupa ya chai mkononi. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na uji mwembamba wa ulezi niliouchuja mara mbili kwa kitambaa na kuutia sukari kidogo. Kijiko nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga. Mjukuu wangu alikuwa na siku mbili duniani na uzito wa gramu 1,150, na mimi nilikuwa nimeshaamua, bila kumuuliza mtu, kwamba hatakufa njaa mbele ya macho yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka ule ndio nilikuwa nimetoka tu kazini. Wengi wanaosimulia habari za watoto hawa ni mama zao, na ni haki yao. Mimi nasimulia habari ya bibi, kwa sababu nyumbani bibi ndiye anayesikilizwa, na kwa sababu nilibakiza hatua kumi tu nimdhuru mtoto niliyetoka kumwombea dua.

Woga wangu ulikuwa na asili yake. Mwaka 1986 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza nyumbani kwa mama, kijijini nje ya Muheza, mimba ikiwa ya miezi saba. Alikuwa wa kiume. Walimfunga pamba mwili mzima akabaki uso, wakamlaza kwenye ungo karibu na jiko la mkaa. Dang'a ilipotoka, nzito, ya njano kama kiini cha yai, wazee walisema hayo ni maziwa machafu, yamekaa sana ndani, yatamharisha. Niliyakamua nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, nikafukia kwa mguu. Mtoto akapewa maji ya sukari kwa kitambaa, kisha maziwa ya ng'ombe wa jirani yaliyochanganywa na maji. Siku ya tano tumbo lake lilijaa likakaza kama ngoma. Siku ya sita, alfajiri, akaondoka. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, kwa hiyo hakupata jina. Wala hakupimwa. Hadi leo sijui alikuwa na gramu ngapi.

Sisemi kwamba najua kilichomwondoa, maana hakuna daktari aliyemwona. Wala simlaumu mama yangu. Kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alitoa kile alichokijua, na mama alikaa macho siku zote sita. Ila nilitoka pale na imani moja: mtoto wangu alikufa kwa sababu alikula kidogo. Nilitembea na imani hiyo miaka 37, na ndiyo niliyoichemsha Jumapili ile nikaitia kwenye chupa.

Binti yangu alikuwa na mimba ya wiki 29. Presha ilipanda, miguu ikavimba, kichwa kikamuuma hata akawa anaona vimulimuli. Madaktari waliogopa kifafa cha mimba, wakampasua Ijumaa usiku ili kumwokoa yeye na mtoto. Jumapili alikuwa bado amelala wodi nyingine, amechoka, na maziwa hayajatoka. Mimi nikahesabu: siku mbili, hakuna ziwa, hakuna chakula.

Mlangoni nilikutana na muuguzi, binti mdogo tu, wa rika la wanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Humo mna nini?"

"Uji wa mzazi," nikamwambia. Nilikuwa nadanganya, na niliisikia sauti yangu ikitetemeka.

Hakubishana. Aliangalia pindo la kanga yangu, pale kijiko kilipojichora, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mpelekee mzazi. Yuko wodi ya pili, hajala kitu tangu jana mchana. Akimaliza, rudi hapa, nawa mikono hadi kwenye viwiko, nikuoneshe mjukuu wako anavyokula."

Binti yangu aliunywa uji wote. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaomba tena, na nilipokuwa nammiminia mara ya tatu ndipo nilipoanza kuona aibu. Nilikuwa nimempita mwanangu mwenyewe kitandani, mwenye njaa, nikimkimbilia mtoto asiyeweza kumeza.

Niliporudi, yule sista alinikalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya joto. Mjukuu wangu alikuwa mwekundu, ngozi nyororo mno, mishipa inaonekana, na nywele laini mgongoni kama vumbi la pamba. Mguu wake mzima, kisigino hadi kidole, ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Puani mwake ulipita mpira mwembamba kuliko ule mrija wa wino ndani ya kalamu, ukashuka hadi tumboni. Jioni ile binti yangu alifundishwa kukamua kwa mkono akiwa amelala ubavu, na baada ya nusu saa ndani ya kikombe mlikuwa na matone ya dang'a ambayo hayakufunika hata kitako. Nilitaka kulia. Sista alifurahi kama aliyeokota shilingi. Alivuta yale matone kwa sirinji ndogo, akampaka mtoto kidogo ndani ya shavu, akasema hiyo ni chanjo yake ya kwanza.

Siku iliyofuata maziwa yaliongezeka, akaanza kulishwa kwa mpira. Sista alichomoa kile kijiti cha kusukumia, akaunganisha sirinji tupu na mpira, akamimina maziwa, akainua sirinji juu kidogo na kusubiri. Hakusukuma. Maziwa yalishuka yenyewe, taratibu, huku mtoto akilamba midomo akiwa usingizini. Zilikuwa mililita 2. Baada ya saa mbili, mililita 2 nyingine. Nikapiga hesabu pale pale: milo 12 kwa siku, mililita 24. Hazifiki vijiko vitano vya chai kwa siku nzima.

"Sista, hii atashiba?"

Akanieleza kwa subira, na mengine niliyapata baadaye kwa daktari wa watoto aliyekuwa akizungumza na wazazi kila Jumanne asubuhi. Kwa wiki 29, huyu bado alitakiwa awe tumboni, anakula kwa kitovu, hajui njaa ya tumbo ni nini. Utumbo wake ulikuwa haujawahi kupokea mlo. Ukiuletea mingi kwa ghafla unazidiwa. Usipouletea chochote nao unanyauka na kuingiwa na vijidudu. Kwa hiyo huanzishwa kwa matone huku dripu ikimshikilia, halafu kila siku unaongeza kidogo ukiangalia tumbo. Na kunyonya si kazi ndogo kama tunavyoiona. Mtoto anatakiwa avute, ameze na apumue bila hivyo vitatu kugongana, na mpangilio huo huja kwenye wiki ya 32 hadi ya 34. Kabla ya hapo, kijiko cha uji kingeweza kuingia kwenye mapafu. Kijiko changu, kile kilichokuwa kwenye pindo la kanga.

Jumanne ya kwanza daktari alizungumzia ugonjwa wa utumbo unaowapata watoto njiti, ambapo sehemu ya utumbo huvimba na kuanza kuoza. Akataja dalili zake: mtoto kutapika kijani, kinyesi chenye damu, tumbo kujaa na kukaza. Niliposikia hilo la mwisho nilinyanyuka nikatoka nje, nikasimama chini ya mwarobaini uliopo uani. Nilisikia harufu ya mgomba wa mwaka 1986 kana kwamba nimesimama chini yake.

Nilirudi ndani kwa sababu nilitaka kusikia yaliyobaki. Daktari alieleza utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto njiti 926, ukiongozwa na Alan Lucas na kuchapishwa mwaka 1990: waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipata ugonjwa ule mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya mama peke yake. Na haya yalikuwa maziwa ya kopo ya hospitali za Uingereza, yaliyopimwa na kuchemshwa. Nikafikiria maziwa ya ng'ombe wa jirani ndani ya bakuli la bati.

Siku hizo nikaifanya kazi ninayoiweza. Nilinunua daftari la hesabu lenye miraba, nikachora mistari miwili: chini siku, pembeni gramu. Kila asubuhi mizani ilipotoka niliweka nukta. Gramu 1,150. Kisha 1,120. Kisha 1,090. Siku ya tano 1,060. Nilikuwa nimejiandaa kwa mstari unaopanda, nao ukashuka siku tatu mfululizo. Sista akaniambia mwili unatoa maji, kupungua hadi sehemu moja ya kumi ni kawaida, nisubiri. Siku ya 12 nukta ilirudi 1,150, na niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikifanya kwa mtoto aliyepata hesabu iliyomtoa jasho.

Baada ya hapo lengo lilikuwa gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo moja ya uzito wake, kila siku. Kwake ilikuwa kama gramu 20. Pima sukari vijiko vitano vya chai uone, ndiyo hiyo. Maziwa yalikuwa yamefika mililita 15 kwa mlo. Siku ya 17 tumbo lilijaa kidogo, na akabakiza maziwa ya mlo uliopita. Wakasimamisha maziwa siku nzima, wakamrudisha kwenye dripu. Usiku ule sikulala, nilikaa na daftari mapajani, nikiangalia nukta ya mwisho. Kwa mila yangu ya zamani ningesema wanamnyima chakula. Safari hii nilijua wanampumzisha, ingawa kujua hakukunipunguzia hofu hata kidogo. Alfajiri tumbo lilikuwa laini. Wakaanza upya kwa mililita 5, na nukta ya siku hiyo, iliyoshuka gramu 40, ipo hadi leo kwenye daftari kama shimo barabarani.

Kuhusu maziwa yenyewe, nataka kina bibi wenzangu wasikie jambo hili. Mama aliyejifungua kabla ya wakati, maziwa yake ya wiki za mwanzo huwa na protini nyingi kuliko ya mama aliyefikisha miezi tisa. Lakini hayaji bila kazi. Mtoto hanyonyi, kwa hiyo hakuna wa kuliita ziwa. Mkono ndio unaoita. Binti yangu alikamua mara nane kwa siku, na moja ya hizo ni saa nane za usiku, kidonda cha upasuaji bado kibichi. Siku aliyolia sana maziwa yalipungua. Siku aliyokula vizuri, akalala saa tatu mfululizo na kumbeba mwanawe, yaliongezeka. Hapo ndipo chupa yangu ilipopata kazi yake halali. Kila siku nilileta uji, safari hii mzito, wa ulezi na karanga, na mchana samaki wa nazi, mchicha, maharage. Yule sista aliwahi kuniuliza tena, "Humo mna nini, mama?" Nikamjibu, "Uji wa mzazi." Tukatazamana.

Siyo kila mtoto pale alikuwa na mama wa kumpelekea uji. Palikuwa na mmoja ambaye mama yake alifariki saa chache baada ya kujifungua. Mama yake mdogo, aliyekuwa ananyonyesha wa kwake, alipimwa virusi vya UKIMWI kwanza, kisha akawa anakamulia wote wawili. Wazee wa familia ile walikaa wakazungumza, maana kwetu Waislamu watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na ni lazima ijulikane. Wakaandika, wakakubaliana, maziwa yakaja. Daktari alituambia kwamba Nairobi, Hospitali ya Pumwani, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ambako maziwa ya mama wanaojitolea hupimwa na kupashwa moto wa kuua vijidudu kisha hupewa watoto kama hawa. Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lolote jingine nililolisikia pale.

Halafu kuna kifua. Mjukuu wangu alipotimiza siku tatu na kupumua vizuri, mama yake bado hawezi kukaa, sista alinitazama akasema, "Bibi, vua blauzi." Miaka 60, mbele ya mabinti wa watu. Nilivua. Alimweka mtoto katikati ya matiti yangu, wima kama chura, kichwa upande, kofia na nepi tu, akatufunga pamoja kwa kanga. Kwa dakika chache za mwanzo sikupumua vizuri kwa kuogopa kumvunja. Kisha nikahisi pumzi yake ikipiga ngozi yangu, ndogo, ya haraka, halafu ikatulia. Nilikaa hivyo saa tano, na nilipoulizwa kama nimechoka nikasema hapana.

Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa daktari Edgar Rey, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Kwa miaka mingi watu waliiona kuwa ni njia ya maskini, ya kutumia mtoto akishatengemaa. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto wadogo waliowekwa kifuani tangu mwanzo kabisa, bila kungoja watengemae, vifo vyao vilipungua kwa robo vikilinganishwa na wale walioanzia kwenye mashine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Sababu moja inaeleweka hata jikoni. Mtoto anayehangaika kujipasha joto anachoma chakula kile kile alichotakiwa akitumie kukua. Ukimpa joto la bure, zile mililita 15 zinakwenda kwenye nyama, mifupa na ubongo.

Ubongo ndio ulionikosesha usingizi zaidi, labda kwa sababu ya kazi yangu. Daktari alituonesha picha mbili. Ubongo wa wiki 28 una mikunjo michache, karibu laini. Wa wiki 40 umejikunja kama kabichi. Hata katika wiki ya 34 haujafika theluthi mbili ya uzito utakaokuwa nao mimba ikitimia. Ujenzi wote huo mjukuu wangu aliufanyia wodini, kwa maziwa yaliyopita kwenye ule mpira, na kila wiki walipima kichwa chake kwa utepe. Yule yule Alan Lucas na wenzake waliwafuatilia watoto 300 waliozaliwa njiti hadi wakafika umri wa miaka minane hivi. Waliopata maziwa ya mama katika wiki zile za mwanzo walipata alama 8 zaidi katika kipimo cha akili, hata baada ya kuhesabu elimu ya mama na hali ya nyumbani. Na walilishwa kwa mpira, hawakunyonya. Utafiti ule ulitoka mwaka 1992. Mwaka huo nilikuwa darasani, na nakumbuka mvulana mmoja aliyekaa dawati la nyuma, mdogo wa umbo, ambaye mama yake aliniambia alizaliwa wa miezi saba. Nilimwita mzito wa kuelewa. Nilimwita hivyo mbele ya wenzake.

Siku ya 46 tulitoka hospitali na gramu 1,980. Alikuwa ananyonya, anachoka, anamaliziwa kwa kikombe. Chupa ya kunyonyea tulikatazwa. Kikombe kidogo unakigusisha mdomo wa chini, unakiinamisha hadi maziwa yafike ukingoni, basi, hummiminii. Anatoa ulimi na kuramba mwenyewe kama mtoto wa paka, kisha anapumzika, kisha anaendelea. Ukimharakisha atapaliwa. Tulipewa pia matone ya madini ya chuma na ya vitamini D, kwa sababu akiba ya chuma mtoto huiweka miezi mitatu ya mwisho tumboni, na huyu hiyo miezi hakuipata.

Likizo ya uzazi ya binti yangu ilikuwa siku 84. Wiki 12. Toa siku 46 za wodini, zinabaki 38. Na kwa hesabu ya tumbo, siku aliyotakiwa kurudi kazini mwanawe alikuwa na wiki 41, yaani kama mtoto wa wiki moja. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi akampelekea mwajiri wake. Mwajiri aliisoma, akasema anaelewa, akamwambia sheria ni sheria. Aliyerudi kazini ni binti, na mimi nikabaki na mtoto, friji, vikombe vilivyobandikwa saa ya kukamuliwa, na sala kwamba umeme usikatike. Mei Mosi ya 2024 ilitangazwa kwamba watumishi wa umma waliojifungua watoto njiti watapewa likizo hadi mtoto afikishe wiki 40 ndipo ya kawaida ianze, na mwaka 2025 marekebisho ya sheria za kazi yakaongeza likizo kwa mama wa mtoto njiti hadi zitimie hizo wiki 40. Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, aliipigania hoja hiyo kwa miaka. Sisi haikutukuta. Nilifurahi kama iliyotukuta.

Mtihani wangu wa pili ulikuja mtoto alipofikisha miezi minne. Jirani zangu, watu wazuri, walianza: "Mwalimu, huyu mke mwenzio mbona mwembamba? Maziwa matupu hayamtoshi. Mpe uji." Niliwaelewa kuliko walivyojua. Niliwatolea daftari. Nilikuwa nimechora mistari miwili ya umri, mmoja wa kalenda na mwingine wa tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa, na kati yake kuna wiki 11. Kwa kalenda alikuwa na miezi minne; kwa mstari wa pili alikuwa hajafika miezi miwili. Kliniki walituambia tumwangalie yeye: shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, anafuata chakula kwa macho na kufungua mdomo. Tulingoja, na haikuwa rahisi, hasa siku za soko nyumba ilipojaa watu.

Ulipofika wakati, nikajifunza kwamba hata uji wangu wa miaka yote ulikuwa na kasoro. Uji mwembamba uliochujwa ni maji yenye rangi. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, limejaa na hajala. Uji wa mtoto unatakiwa ukae kwenye kijiko, usidondoke ukikiinamisha. Nikampikia hivyo, kwa karanga zilizosagwa laini na maziwa ya mama yake juu, halafu viazi lishe vilivyopondwa, kiini cha yai, maini ya kuku kwa ajili ya ile akiba ya chuma, na unga wa dagaa niliousaga mwenyewe. Maini aliyakataa mara nne. Ya tano akayala.

Alikaa mwenyewe akiwa na miezi tisa ya kalenda. Alitembea akiwa na kumi na sita, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye miguu yangu, mikono juu. Maneno yamechelewa kidogo, na kliniki wanaendelea kumfuatilia. Anasema "bibi," anasema "maji," na kuna neno moja ambalo ni yeye tu anayelijua maana. Macho yalipimwa yakaonekana salama, masikio pia. Yule mtoto aliyefiwa na mama miguu yake imekaza, anafanyishwa mazoezi kila wiki, na anacheka sana. Wengine wawili tuliokuwa nao wodini hawakutoka.

Siku hizi kila Alhamisi napanda gari asubuhi kwenda wodini na chupa mbili. Sista alinizoea, ananiachia benchi la nje karibu na mlango. Wiki mbili zilizopita alikuja bibi mmoja kutoka Pangani, mtu mzima kuliko mimi, ametembea na chupa yake kifuani kaifunika kwa ushungi. Nilimsalimu, nikampisha akae. Nikamuuliza mna nini, akasema uji wa mzazi. Sikumwambia kitu. Nilifungua daftari nikamwonesha nukta, moja moja, hadi ile iliyoshuka, nikamwambia na ya yule asiye na nukta hata moja. Alisikiliza kwa kichwa chini. Kisha akanyanyuka, akaenda kwa mwanawe, na nilimwona kupitia dirishani akimimina kikombe kikajaa. Kijiko alibaki nacho mkononi, amekikunjia vidole, hadi nilipoondoka.